KUHESABU KISICHOONEKANA

(Somo hili limepigwa chapa kama lilivyosomwa redioni, kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima. Ikiwa mnasoma pamoja, mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa macho. Penye hesabu simameni, muifanye ubaoni.)

 

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kupima. Tulipima urefu kwa rula, tukapima mahindi kwa mizani, tukapima mvua kwa kopo lenye alama. Leo twapanda ngazi moja zaidi. Twataka kujua jinsi watu wanavyohesabu vitu ambavyo hakuna jicho lililopata kuviona, tena vitu ambavyo vikizaliwa hufa kabla hujamaliza kufumba na kufumbua.

Usiogope. Ukijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, utaweza kulifuata somo hili mpaka mwisho.

Kwanza nyosha mkono wako, kiganja kielekee juu. Tulia kidogo. Hukusikia kitu, sivyo? Lakini katika muda huo mfupi chembe ndogo kadhaa zimetoka angani, zimepita katika paa, zimepita katika kiganja chako, zikaendelea ardhini. Chembe hizo huitwa myuoni. Huzaliwa juu sana, kama kilomita 15 kutoka usawa wa bahari, wakati chembe nyingine zinazotoka mbali mno katika anga zinapougonga upepo wetu. Katika kiganja cha mtu mzima hupita moja au mbili kila sekunde, usiku na mchana, katika nyumba ya bati na katika tembe pia. Hazikudhuru, babu zako walipitiwa nazo vile vile. Likumbuke jina hilo, myuoni, kwa maana ndizo zitakazotuletea habari za mambo tunayoyatafuta.

Sasa tuanze chini kabisa. Vitu vyote, yaani jiwe, maji, punje ya uwele na mfupa wa ng'ombe, vimejengwa kwa atomu. Katikati ya kila atomu mna kiini, na ndani ya kiini mna protoni. Zamani watu walidhani kwamba protoni haina kitu ndani yake. Siku hizi twajua kwamba ndani yake mna chembe nyingine zinazoitwa kwaki, nazo zimeshikamana kwa nguvu kubwa sana. Nguvu hiyo ni ya ajabu: ukijaribu kuzitenga kwaki, haipungui kama nguvu ya sumaku inavyopungua ukivuta msumari mbali nayo. Kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyepata kuikuta kwaki moja peke yake imesimama. Daima hukaa mbili mbili, tatu tatu, au zaidi.

Kwaki zi za aina sita. Mbili ni nyepesi, nazo ndizo zilizomo katika protoni zote za mwili wako. Nyingine ni nzito, wala hazipatikani katika udongo au chakula, kwa sababu hufa upesi. Leo twashughulika na mbili katika hizo nzito. Ya kwanza huitwa chamu. Kwaki moja ya chamu peke yake huizidi protoni nzima kwa uzito. Ya pili huitwa botomu, na uzito wake ni kama wa protoni nne na nusu.

Kila kwaki ina mwenzake wa kinyume, mwenye uzito ule ule, lakini mambo yake mengine yamegeuzwa. Kwaki nzito ikizaliwa, huzaliwa pamoja na kinyume chake. Mara nyingi hawa wawili hutengana, kila mmoja akashikamana na kwaki nyepesi. Lakini mara chache hushikana wao kwa wao, wakazungukana kama watoto wawili walioshikana mikono wakizunguka uwanjani. Jozi ya namna hiyo ndiyo inayohesabiwa katika somo letu.

Jozi ya chamu na kinyume chake inaitwa J/psi. Tamka jei-sai. Jina hili la sehemu mbili lina sababu. Mwezi wa Novemba 1974 vikundi viwili vya wataalam wa Marekani viliiona karibu siku zile zile, bila kuagana. Kimoja kilikuwa cha Samuel Ting, kikifanya kazi Brookhaven upande wa New York, nacho kiliita J. Kingine kilikuwa cha Burton Richter huko California, nacho kiliita psi. Hakuna aliyekubali kuliacha jina lake, basi majina yote mawili yakaunganishwa kama ya watani waliogombea mtoto. Ting na Richter wakapewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1976. Jozi ya botomu ilionekana mwaka 1977 karibu na Chicago, na kikundi cha Leon Lederman. Hiyo inaitwa Upsiloni.

Tutapima uzito wa jozi hizi kwa protoni, kama vile sokoni tunavyopima kwa debe. J/psi moja ina uzito wa protoni 3.3. Upsiloni ina uzito wa protoni 10.1. Andika namba hizi mbili pembeni mwa ukurasa.

Msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa kwaki hizi hazimo katika protoni, zatoka wapi mtu anapogonganisha protoni? Mtu akigonganisha karanga mbili, linaweza kutoka tikiti maji? Kwa kweli, katika mambo haya madogo tikiti huweza kutoka, endapo karanga zinakwenda mbio vya kutosha. Nguvu ya mwendo hugeuka kuwa uzito. Albert Einstein aliieleza kanuni hiyo mwaka 1905, nayo imepimwa mara nyingi ikaonekana kuwa kweli.

Mahali pa kuzipa protoni mwendo huo ni karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika kituo kinachoitwa CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954. Huko wamechimba shimo la mviringo chini ya ardhi, kama mita 100 kwenda chini. Mzunguko wake ni kilomita 27. Mtu mwenye miguu mizuri akianza kuuzunguka alfajiri atarudi alikoanzia adhuhuri. Ndani ya shimo mna mabomba mawili, na ndani ya mabomba protoni hukimbia, kundi moja upande huu na kundi jingine upande ule. Sumaku kubwa huzipinda zisitoke njiani, nazo hupozwa mpaka digrii 271 chini ya pale maji yanapoganda. Katika kila sekunde moja protoni hulizunguka shimo lote zaidi ya mara 11,000. Mbio zake hukaribia sana mbio za nuru, ila hazizifikii.

Tarehe 30 Machi 2010 mtambo huo uligonganisha protoni kwa mara ya kwanza kwa nguvu iliyofikia nusu ya ile ulioundwa kuifikia, nguvu ambayo mtambo mwingine wowote ulikuwa haujaipata. Kuanzia 2015 ukagonganisha kwa nguvu karibu mara mbili ya hiyo. Kwa nguvu hiyo, kila protoni inakuwa imebeba nishati ya kutosha uzito wa protoni 7,000 hivi. Basi jozi ya uzito wa protoni tatu au kumi ni kitu kidogo kwake.

Haya, protoni zimegongana. Kutoka mahali pa mgongano zinaruka chembe nyingi, mara nyingine mamia, kila upande. J/psi ikiwa imo, haikai. Huvunjika baada ya muda mfupi mno hata kuutaja hakufai: weka sifuri, nukta, kisha sifuri 20, ndipo uandike 7; hiyo ndiyo sehemu ya sekunde inayoishi. Hakuna saa wala kamera ya kuikamata. Kinachobaki ni watoto wake tu.

Watoto wake ni wa aina nyingi. Katika J/psi 100, kama 6 huvunjika zikatoa myuoni mbili, moja ya umeme wa kuongeza na moja ya umeme wa kupunguza. Wataalam huzipenda hizo 6, kwa sababu myuoni ina tabia moja njema: hupenya. Chembe nyingine zikikutana na ukuta mnene wa chuma husimama humo. Myuoni hupita, kama inavyopita katika paa lako na kiganja chako. Basi kuzunguka mahali pa mgongano hujengwa vyombo vikubwa vyenye tabaka nyingi za chuma, na nje kabisa huwekwa vyombo vya kungojea. Chembe ikifika huko, karibu hakika ni myuoni. Chombo kimoja cha namna hii, kiitwacho CMS, kina uzito wa tani 14,000. Vingine ni ATLAS, ALICE na LHCb.

Ndani ya vyombo hivyo mna sumaku inayopinda njia ya myuoni. Yenye mbio nyingi hupindika kidogo, yenye mbio haba hupindika sana. Ukipima upindo, umejua nguvu aliyokuwa nayo.

Sasa twafika kwenye ujanja wenyewe, nao nautolea mfano wa soko la Kibaigwa, kule Kongwa. Fikiri kwamba kuna mfanyabiashara mmoja ambaye kila siku hununua mahindi magunia 33 kamili, kisha huyagawa katika magari mawili yanayoondoka kwa njia mbili. Leo gari moja limebeba 20 na jingine 13. Kesho moja 25 na jingine 8. Wewe umesimama barabarani na mizani. Mfanyabiashara humjui, wala ghala lake hulijui. Unapima magari tu, na kuyajumlisha mawili mawili. Magari ya watu mbalimbali yakijumlishwa yatatoa jumla za kila namna: 12, 47, 29, 60. Lakini utaona jumla moja inajirudia kupita kiasi: 33, na tena 33, na tena 33. Utasema bila wasiwasi, "Yuko mtu mmoja nyuma ya magari haya."

Ndivyo wafanyavyo. Huchukua kila myuoni mbili zilizotoka pamoja, wakafanya hesabu ya uzito ambao mzazi wao angekuwa nao. Hesabu yenyewe si ya kujumlisha tu, kwa maana yapasa kutazama pia pembe iliyo kati ya myuoni hizo mbili. Lakini wazo ni lile lile la Kibaigwa. Kisha huchora picha ya nguzo: chini huandika uzito, na juu huonyesha ni jozi ngapi zilizopata uzito huo. Mahali pengi picha ni tambarare, kama mbuga ya Bahi. Ghafla penye 3.3 inainuka kama kilima. Mbele kidogo, penye 10.1, kinainuka kingine, na karibu nacho vilima viwili vidogo, penye 10.7 na 11.0. Hao ni ndugu wawili wa Upsiloni, yaani jozi zile zile za botomu, ila zinazungukana kwa nguvu zaidi. Chombo kisichopima vizuri huwaona watatu hao kama kilima kimoja kipana. Chombo kizuri huwatenga.

Tambarare ile isidharauliwe. Hata chini ya kilima imo, kwa kuwa baadhi ya jozi za myuoni zilipata uzito wa 3.3 kwa bahati tu, bila kuwa ndugu. Basi hutazamwa tambarare ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia, ikakisiwa iliyo chini ya kilima, kisha ikatolewa.

Liko jambo jingine la kuangalia. J/psi nyingine hazikuzaliwa katika mgongano wenyewe. Zimezaliwa na chembe yenye kwaki ya botomu iliyosafiri kwanza milimita chache, ndipo ikafa na kuiacha J/psi. Hao tuwaite wajukuu, si watoto. Hutambuliwa kwa mahali walipozaliwa: ukifuata njia za myuoni mbili kurudi nyuma, hazikutani pale penye mgongano, ila hukutana kando kidogo. Kupima "kando kidogo" hiyo, chini ya unene wa kucha mara nyingi, ni kazi ya vipande vya silikoni vilivyowekwa karibu sana na bomba.

Kisha tuulize: je, wote walioonwa ndio wote waliokuwapo? Mfugaji yeyote atacheka swali hili. Mtu akihesabu mifugo kwa kusimama mlangoni pa zizi, wako waliobaki porini. Basi wataalam hawana budi kujua chombo chao hukosa wangapi. Njia yao moja ni ya kupendeza. Tuseme mbuzi wako mmoja amezaa mapacha, nawe wajua kwamba ni wawili. Ukimwona mmoja anarudi jioni, wajua hakika kuwa wa pili alikuwapo. Basi muulize mchungaji kama alimwona. Fanya hivyo kwa mapacha 100. Akiwa amewaona 80, wajua kwamba katika kila mbuzi 100 macho yake hukosa 20. Myuoni mbili za J/psi ni mapacha wa namna hiyo. Moja ikionwa bila shaka, ya pili hutumika kumpima mchungaji.

Mwisho, yapasa kujua migongano ilikuwa mingapi. Kusema "tumeona J/psi nyingi" hakuna maana, kama vile kusema "nimevuna magunia 10" bila kutaja ekari. Protoni husafiri katika makundi, kila kundi protoni kama bilioni 100, na makundi hupishana mpaka mara milioni 40 kwa sekunde. Nyingi hupitana bila kugusana. Kujua ni ngapi zinagusana, watu wa mtambo hufanya jambo alilolibuni Simon van der Meer mwaka 1968: husogeza kundi moja polepole pembeni mwa jingine, wakitazama jinsi migongano inavyopungua. Kwa kupungua huko hujua upana wa makundi, na kwa upana hujua hesabu.

Jibu huandikwa kwa kipimo cha ajabu kiitwacho bani. Ni kipimo cha eneo, kama ekari, lakini kidogo mno: karibu sawa na eneo la kiini cha atomu ya urani, ile ile inayotafutwa ardhini kule Bahi na Manyoni. Neno lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni ghala la shambani. Wamarekani waliolibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wakifanya mzaha kwamba kiini hicho ni kikubwa kama ghala, huwezi kukikosa ukikitupia jiwe. Eneo kubwa katika hesabu hii maana yake ni jambo linalotokea kwa urahisi. Eneo dogo, jambo la nadra.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, ili zigawanyike vizuri. Chombo kimeona jozi 600 za myuoni mahali pa kilima cha J/psi. Tambarare ya chini ya kilima ni 120. Toa: zabaki 480. Chombo huona nusu tu ya zilizopo. Zidisha kwa 2: zilikuwapo 960. Lakini ni 6 tu katika kila J/psi 100 zinazotoa myuoni mbili. Basi 960 mara 100, gawanya kwa 6: J/psi zilizozaliwa zilikuwa 16,000. Migongano ilikuwa 112,000,000. Gawanya kwa 16,000, utapata 7,000. Yaani J/psi moja katika kila migongano 7,000.

Jibu hilo halikuwa mbali na la kweli. Kikundi cha LHCb, kwa migongano ya mwaka 2010, kilipata kwamba eneo la kuzaa J/psi zile za mgongano wenyewe, katika pembe ambayo chombo chao huitazama, ni sehemu 10.52 za milioni ya bani. Eneo la migongano yote ni kama sehemu 70,000 za milioni ya bani. Gawanya mwenyewe uone. Na wajukuu, wale waliotoka kwa botomu, walikuwa sehemu 1.14, yaani kama mmoja katika kila kumi.

Lakini mimi hupenda zaidi namba walizoziandika kando ya ile 10.52. Waliandika kwamba huenda wamekosea kwa 0.04 kwa sababu ya bahati ya kuhesabu. Wakaandika tena kwamba huenda wamekosea kwa 1.40 kwa sababu ya vyombo na hesabu ya migongano. Wakaandika mara ya tatu kwamba huenda jibu likapanda kwa 1.64 au likashuka kwa 2.20, kwa sababu hawakujua J/psi huzaliwa zikizunguka zimeelekea wapi. Jambo hilo la mwisho lina maana: mwelekeo wa kuzunguka huamua myuoni zinarukia upande gani, na hivyo ni ngapi zinakikosa chombo. Ni kama kupepeta uwele bila kujua upepo unatoka wapi.

Sisi wa Dodoma twajua gharama ya namba isiyoandikiwa kosa lake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga hapo Kongwa. Kwa mpango mzima, Tanganyika na nchi jirani, zilitajwa ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yakaja, reli ikaletwa. Habari za mvua na udongo walizokuwa nazo zilikuwa haba, lakini katika makaratasi namba zilisimama imara kana kwamba hazina shaka. Mvua ikakosekana, udongo ukawa mgumu kama tofali wakati wa kuchimbua karanga, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 30. Wazee wa Kigogo waliokuwa wakiishi hapo walijua mvua ya Kongwa ni ya kubahatisha; kuwauliza kulikuwa bure, bila malipo yoyote.

Turudi kwenye J/psi. Hesabu hizi ziliangusha maelezo ya wakubwa. Nadharia ya kwanza ilisema kwamba jozi lazima izaliwe ikiwa imekwisha kamilika, kama wachumba waliokwisha kulipiana mahari yote ndipo wakaingia nyumba moja. Kwa nadharia hiyo jozi zingekuwa chache. Katika miaka ya 1990, karibu na Chicago, kikundi kiitwacho CDF kilihesabu, kikakuta jozi za chamu zinazaliwa mara makumi kuliko ilivyotazamiwa. Si kosa dogo hilo. Wenye nadharia wakakaa tena chini, wakatoa maelezo mapya: jozi nyingine huanza zikiwa hazijakamilika, kisha hutupa kiasi kidogo cha nguvu na kukamilika baadaye, kama wachumba walioanza nyumba na ng'ombe wa mahari wakafuata polepole. Kwa maelezo hayo idadi ikakubali. Lakini maelezo hayo hayo yalisema kwamba jozi zenye mbio nyingi zitakuwa zimeelekea upande mmoja maalum. Mwaka 2013 LHCb na CMS walitangaza vipimo vyao vya mwelekeo: karibu hakuna upande unaopendelewa. Idadi imekubali, mwelekeo umekataa. Tangu hapo watu wamekuwa wakitengeneza na kurekebisha, na ugomvi huo wa hesabu ndio unaowafanya waendelee kupima kwa kila nguvu mpya ya mtambo.

Huenda mmoja wenu, hasa akina mama mnaotoka shamba mkaja darasani na watoto mgongoni, atasema, "Mwalimu, haya yote yatatusaidia nini?" Ni swali la haki. Sitakudanganya: J/psi haipandi uwele, wala haifukuzi ndege wa kwelea. Fedha za kituo kile hutolewa zaidi na nchi za Ulaya, si na kodi yako. Lakini mambo mengine yametoka pembeni mwa kazi hii. Njia ya kusoma kurasa za habari katika simu ilibuniwa hapo hapo CERN mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, ili wataalam wa nchi mbalimbali wapelekeane maarifa. Na mashine zinazotibu saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni ndugu wadogo wa ule mtambo wa Geneva: nazo hukimbiza chembe kwa umeme. Na vijana wa Afrika wamo katika kazi hii. Iko Shule ya Fizikia ya Afrika iliyoanza mwaka 2010 kule Afrika Kusini. Mwaka 2016 ilikutana Kigali, jirani zetu. Mtoto wa Mpwapwa au Kondoa aliye hodari wa hesabu hana sababu ya kudhani mlango huo si wake.

Kazi ya darasa. Chombo kimeona jozi 90 za myuoni mahali pa kilima cha Upsiloni. Tambarare ya chini yake ni 40. Chombo huona nusu tu ya zilizopo. Katika Upsiloni 40, moja tu hutoa myuoni mbili. Tafuteni Upsiloni zilizozaliwa zilikuwa ngapi. Mkimaliza, ifanyeni tena hesabu hiyo mkichukua kwamba mtu aliyekisia tambarare alikosea kwa 10, kwanza juu kisha chini, muandike majibu yote matatu ubaoni mkiyatazama yalivyoachana. Jibu la kwanza ni 4,000.